Endesha uhakiki wa jarida kama upatu

Nilikabidhiwa jarida la kitaaluma la idara Ijumaa moja mchana, mhariri aliyenitangulia akiwa tayari amefunga mizigo kwenda masomoni. Makabidhiano yenyewe yalikuwa flashi moja, nywila ya barua pepe, na karatasi ya majina ya wahakiki, yaani wasomi wanaosoma makala na kushauri kama ichapishwe, ambao nusu yao walishastaafu na wawili walishatangulia mbele za haki. "Usiwe na wasiwasi," akaniambia, "makala zipo nyingi." Zilikuwapo kweli. Kongwe kuliko zote ilikuwa na miezi kumi na tisa tangu ipokelewe, na mwandishi wake alishaacha hata kuuliza.

Mimi nafundisha uchumi. Miaka yote hiyo nilikuwa nawachorea wanafunzi mistari ya ugavi na mahitaji ubaoni, sikuwahi kuielekeza kwenye kazi yetu wenyewe. Kila mhariri niliyemlilia alinijibu kwa lugha ya tabia: wahakiki wavivu, vijana hawajitumi, maprofesa wana majivuno. Sasa mchele ukipanda bei Kariakoo, kuna anayesema wauza mchele wameota roho mbaya? Tunauliza kimepungua nini, nani anabeba gharama na nani anafaidi. Nikaamua kuuliza maswali hayohayo kuhusu jarida. Ninayoyaeleza hapa nimeyafanya mwenyewe, na yaliyoniharibikia nitayasema. Yanamfaa mhariri wa jarida dogo asiye na bajeti. Mwenye ofisi ya watu sita na fedha za mfadhili ana matatizo mengine.

Anza na tarehe

Kabla hujabadilisha kitu, chukua makala kumi za mwisho zilizopata jibu, ziwe zilichapishwa au zilikataliwa. Kwa kila moja andika tarehe sita: ilipoingia, ulipoifungua, ulipomwomba mhakiki wa kwanza, alipokubali, aliporudisha ripoti, na ulipomjibu mwandishi. Kama mnatumia OJS, ile programu ya bure inayoendesha majarida mengi ya vyuo vyetu, tarehe zote zimo humo, kazi yako ni kuzinakili. Ni shughuli ya asubuhi moja.

Nilitegemea kuona aibu ya wahakiki. Niliona yetu. Makala ilikuwa inakaa mwezi na zaidi kabla hajaombwa mtu yeyote, na ripoti ya kwanza ikirudi inalala kwenye kikasha chetu ikisubiri ya pili, ambayo pengine mhusika hakukumbushwa hata mara moja. Muda ambao makala ilikuwa kweli mikononi mwa mhakiki haukufika nusu ya safari. Kwa hiyo usianze kuandika barua kali. Jitazame kwanza wewe.

Saa ya mhakiki ndiyo mali adimu

Watafiti watatu, Balazs Aczel na wenzake, walikadiria mwaka 2021 kwamba ndani ya mwaka 2020 pekee wahakiki duniani walitumia zaidi ya saa milioni 100 kusoma kazi za wenzao. Hiyo, kwa hesabu yao, ni zaidi ya miaka 15,000 mfululizo, usiku na mchana. Kwa wahakiki walioko Marekani tu, thamani ya muda huo ilizidi dola bilioni 1.5, na karibu wote ulitolewa bure. Tena mzigo haugawanywi sawa: utafiti mwingine, wa mwaka 2016, ulioangalia majarida ya tiba na sayansi ya viumbe ulikuta asilimia 20 ya watafiti wanabeba kati ya asilimia 69 na 94 ya uhakiki wote. Kwetu hali ilikuwa hiyohiyo kwa udogo wake. Majina manne yalikuwa yanajirudia kila toleo, na mmoja wao alikuwa mama mwenye mtoto mchanga ambaye hakujua kusema hapana.

Kitu kikiwa adimu, hukigawi ovyo. Usimpe mhakiki makala ambayo ungeikataa mwenyewe kwa kuisoma nusu saa. Sisi tulijiwekea siku saba za mchujo huo, ndio mlango wetu. Wahariri wawili wanasoma ikisiri, sehemu ya mbinu na marejeo. Kama mada haituhusu, kama data hazijulikani zimetoka wapi, kama marejeo ya mwisho ni ya miaka kumi na tano iliyopita, anajibiwa kwa aya mbili zenye sababu, akiambiwa wazi ni wapi pangemfaa zaidi.

Mara ya kwanza nilibonyeza kitufe cha kutuma roho ikinidunda. Kesho yake mwandishi akapiga simu. Nikajiandaa kwa matusi. "Asante Daktari," akasema, "bora umeniambia mapema, nilikuwa nahofia yangepita matoleo mawili." Ndipo nikaelewa kwamba kusubiri nako ni bei, na sisi tulikuwa tunawatoza watu bei hiyo bila risiti.

Hapa pana mtego, na wachumi wameuandikia. Ucheleweshaji wenyewe hufanya kazi kama kiingilio. Mtu akijua jarida linakaa na makala mwaka mzima, anaipika kazi yake kwanza, maana hana nafasi nyingi za kubahatisha. Ukiharakisha majibu bila kuweka kiingilio kingine, utafurikiwa na makala mbichi, kwa sababu kutuma ni bure na maoni ya mhakiki ni semina ya bure. Ilinitokea. Muhula wa pili baada ya kuanza kujibu haraka, makala zilizoingia ziliongezeka hadi tukaanza kukimbizana tena.

Majarida makubwa ya fedha na uchumi huko nje hutoza mamia ya dola wakati wa kutuma tu, kabla ya lolote. Kwetu sikushauri. Taja shilingi mlangoni, na hapo hapo utawekwa fungu moja na yale majarida ya lipa leo uchapishwe kesho, ambayo kamati za kupandisha madaraja zinahangaika kuyatofautisha na mazuri. George Akerlof alilieleza tatizo hilo mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: muuzaji anajua gari ni bovu, mnunuzi hajui, basi mnunuzi anatoa bei ya wasiwasi, na wenye magari mazuri wanaondoka sokoni. Makala hiyo ilikataliwa na majarida matatu kabla ya kuchapishwa, mojawapo likiona ni jambo dogo mno, na mwaka 2001 ikamletea Akerlof Tuzo ya Nobel. Mwandishi yeyote akija kwangu na machozi ya kukataliwa, namsimulia hilo kisha namnunulia chai.

Kwa hiyo kiingilio chetu kinalipwa kwa kazi. Na hapa ndipo inapoingia habari ya mama yangu.

Daftari la kijumbe

Mama alikuwa kijumbe wa upatu Magomeni. Alikuwa na kaunta buku kubwa lenye jalada jekundu, na wanawake kumi na wawili waliokuwa wanatoa kila Jumamosi. Sikumbuki hata siku moja akiwahubiria moyo wa kujitolea. Alijua mambo mawili tu, nani ameshakula na nani bado, na yote yameandikwa. Aliyekuwa anamnyima usingizi ni yule aliyekwisha kula, maana huyo ndiye mwenye sababu ya kuanza kupiga danadana. Ndiyo maana mgeni hakupewa zamu za mwanzo. Alitoa kwanza, watu wakamzoea, zamu yake ikaja mwishoni.

Sasa tazama jarida. Kila makala inayopita mlangoni inakula ripoti mbili. Mwandishi asiporudisha mbili, kuna mtu mwingine amemlipia, na kwetu mtu huyo alikuwa yule mama mwenye mtoto mchanga. Waliochapishwa, yaani waliokula, ndio waliokuwa hawapokei simu zetu. Mwaka 2010 wanaikolojia wawili, Jeremy Fox na Owen Petchey, walipendekeza benki ya uhakiki: kila ripoti inakupa sarafu moja, na kutuma makala kunakugharimu tatu. Benki ya kuunganisha majarida yote ni kazi kubwa. Daftari la jarida moja linawezekana Jumatatu ijayo. Letu ni jedwali la kawaida la kompyuta, na baadaye majarida mawili ya jirani yaliingia ndani yake.

Utaratibu wetu uko hivi. Anayetuma makala anatia sahihi kwamba, ikipita mlangoni na kwenda kwa wahakiki, yeye na wenzake walioiandika wanadaiwa ripoti mbili ndani ya miezi kumi na miwili. Iliyokataliwa mlangoni haina deni. Waandishi wakiwa wanne, wapange wenyewe nani atalipa. Anayesoma shahada ya uzamili hatumwachii makala peke yake, anasoma pamoja na msimamizi wake, na majina yote mawili yanaandikwa daftarini. Hilo limetupatia wahakiki wazuri kuliko tulivyotegemea, maana kijana anasoma kwa hofu na msimamizi anapitisha jicho la uzoefu.

Faida ya kutoa iko kwenye foleni. Makala ya asiyedaiwa, au aliyetanguliza ripoti kabla hajatuma kitu, inatafutiwa wahakiki kwanza. Mgeni asiyejulikana anaweza kuanza kwa kuhakiki, kama mgeni wa mama alivyoanza kwa kutoa. Watu wanadhani motisha ni lazima iwe bahasha. Mkono mtupu haulambwi, lakini kwa mhadhiri anayekimbizana na kamati ya madaraja, kusogezwa mbele wiki tano ni mkono uliojaa.

Kitu kimoja usikichezee. Deni lisiguse hukumu. Mhariri anayeamua makala ichapishwe au isichapishwe hapaswi kuliona daftari, sisi analishika katibu msaidizi. Siku deni litakapoanza kupunguza au kuongeza uwezekano wa kuchapishwa, utakuwa umeuza kurasa. Na deni lisihamishike nje ya waandishi wa makala husika. Tulikuwa na bwana mmoja aliyetaka kumtwisha deni lake mkufunzi msaidizi wa idara yake, akaliita "kumlea kitaaluma". Wenye likizo ya uzazi na wagonjwa, saa yao inasimama. Mama naye alikuwa anafanya hivyo, wala hakuitangaza.

Siku ishirini na nane

Jambo lililonisaidia haraka kuliko mengine halina gharama hata ya senti. Raj Chetty, Emmanuel Saez na László Sándor walifanya jaribio kwa wahakiki 1,500 wa jarida la Journal of Public Economics, wakalichapisha mwaka 2014. Kundi moja lilipewa wiki sita kama kawaida. La pili wiki nne. La tatu wiki nne na dola 100 kwa atakayewahi. La nne likaambiwa kwamba muda atakaotumia kila mhakiki utawekwa hadharani. Kupunguza tu wiki sita kuwa nne kuliondoa siku 12 kwenye muda wa mhakiki wa katikati, na ubora wa ripoti haukuporomoka. Fedha iliongeza kasi juu ya hapo. Kutangazwa hadharani kulifanya kazi kidogo, isipokuwa kwa maprofesa wenye ajira ya kudumu: hao fedha na tarehe hazikuwashtua sana, ila kujulikana kuliwashtua.

Ukitafakari inaeleweka. Mtu hasomi makala kwa wiki sita. Anaisoma siku mbili za mwisho. Ukimpa miezi miwili umempa miezi miwili ya kuisahau.

Weka siku 28 na uandike tarehe yenyewe, usiandike "ndani ya wiki nne". Kisha kumbusha kabla tarehe haijafika. Zamani nilikuwa nakumbusha ikishapita, na mazungumzo yangu na mzee mmoja niliyekuwa namheshimu sana yalikuwa hivi kwenye WhatsApp:

"Shikamoo Profesa. Samahani kwa usumbufu, naulizia ile makala ya ushirika wa korosho."

"Marahaba mwanangu. Ninayo hapa. Wiki hii."

Hiyo "wiki hii" ilikuwa ya nne kuandikwa. Shida ya kumdai mkubwa ni kwamba shikamoo yenyewe inakuweka chini, na ukiwa chini unadai vipi? Siku hizi ujumbe wangu unatoka siku tano kabla, na tarehe ndiyo inayodai:

"Shikamoo Profesa. Makala niliyokuletea tarehe 3 Machi inarudi tarehe 31 Machi. Leo ni tarehe 26. Mwandishi anasubiri. Ukiona hutaifikia niambie leo, nimpe mwingine, wala hakuna neno."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Ukimpa mtu mlango wa kutoka kwa heshima, nusu wanautumia, na hiyo ni nafuu kubwa kwako, kwa sababu "hapana" ya siku ya 23 inashinda "wiki hii" ya siku ya 90. Wengine wanaona haya kuutumia, wanakaa na kusoma. Usiongeze kwamba mwandishi ni kijana au kwamba anasubiri cheo. Nilifanya kosa hilo mara moja, mhakiki akamjua mwandishi ni nani papo hapo.

Kuhusu fedha

Nilijaribu. Tulipata kifungu kidogo, nikawatumia waliowahi shilingi 30,000 kwa simu. Vijana walishukuru. Mzee wa korosho alipiga simu kabla sijaweka simu mezani. "Mwanangu, hii ya nini? Umenionaje?" Akazirudisha, na makato akayabeba yeye. Sikulala vizuri.

Kuna jaribio mashuhuri la vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israel, lililochapishwa mwaka 2000. Vituo sita kati ya kumi vilianza kuwatoza faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Wanaochelewa wakaongezeka karibu maradufu, na faini ilipofutwa hawakurudi walipokuwa. Ile aibu ya kumchelewesha mwalimu ilishageuka bei, na bei yenyewe ilikuwa ndogo. Kwa upande mwingine, katika jaribio la Chetty waliolipwa hawakuzembea malipo yalipokoma. Na jarida la tiba la Critical Care Medicine lilipojaribu kuwaahidi wahakiki dola 250, waliokubali mwaliko walikuwa asilimia 53 dhidi ya 48 ya wasioahidiwa, na ripoti zilirudi siku moja tu mapema. Dola 250 kwa siku moja!

Uamuzi wangu ni huu: kama una fedha kidogo, mlipe msaidizi wa kutuma vikumbusho na kushika daftari. Mtu mmoja wa siku mbili kwa wiki alitupunguzia muda kuliko zile 30,000 zote. Kwa wahakiki tumia sarafu wanayoitaka kweli. Kijana anataka barua yenye muhuri ya kuweka kwenye faili la kupandishwa daraja, nakala kwa mkuu wa idara. Mzee anataka kuonekana. Kuwaanika wachelewaji kwenye jamii yetu ni kutafuta ugomvi wa kudumu, nikageuza: ukurasa wa mwisho wa toleo la Desemba tunachapa majina ya waliowahi tu. Januari mzee akapiga simu kuuliza kama mpiga chapa amesahau mstari. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba mpiga chapa hakusahau. Makala iliyofuata aliirudisha siku ya kumi na tisa.

Lakini ukishaanza kutoa barua, watu watafukuzia barua. Ripoti hii niliipokea, nainakili yote ilivyo: "Makala ni nzuri. Arekebishe sarufi. Ichapishwe." Mwenye nayo akauliza barua yake itatoka lini. Tangu hapo kila ripoti inapewa alama moja hadi tatu siku ileile inapoingia, na barua hutolewa kuanzia mbili.

Fomu ya kuuliza

Usimwulize mhakiki "unaonaje?" Muulize vitu vinavyoweza kukaguliwa. Makala inadai nini, kwa maneno yako mwenyewe? Ni jedwali gani au ukurasa gani unaobeba dai hilo, na linabebeka? Kasoro ipi haiwezi kurekebishwa? Ipi ni ladha yako tu? Swali la kwanza linamfichua ambaye hakusoma, la mwisho linamkinga mwandishi na mhakiki anayetaka iandikwe makala yake yeye. Siku hizi lile la kwanza pia linasaidia kidogo kwa wanaoitupia makala roboti ya mazungumzo iwaandikie ripoti. Hilo tumelikataza kwenye barua ya mwaliko, kwa sababu makala ambayo haijachapishwa ni siri ya mwenyewe.

Hata ukifanya hivyo, usiiamini hukumu kupita kiasi. Mwaka 2014 mkutano mkubwa wa kompyuta, NeurIPS, uligawa makala 166 kwa kamati mbili tofauti kwa siri. Zaidi ya nusu ya zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na nyingine. Sisi tunaomba mhakiki wa tatu pale tu wawili wanapogongana, na tunampa swali moja wanalogongana, hatumrudishii makala nzima aanze upya.

Na duru iwe moja. Glenn Ellison alionyesha mwaka 2002 kwamba majarida ya uchumi yaliyokuwa yanatoa jibu la mwisho kwa miezi sita hadi tisa miaka thelathini kabla ya hapo, yalikuwa yamefika kama miaka miwili, kwa sababu ya kumrudisha mwandishi kila mara kurekebisha. Economic Inquiry lilianzisha mwaka 2007 njia ya ndiyo au hapana, bila marekebisho, kwa mwandishi anayeichagua. Kwetu anarekebisha mara moja, na mhariri ndiye anayeangalia kama amefanya. Makala haimrudii mhakiki, labda hesabu ziwe zimebadilika.

Majina na marafiki

Ondoa majina, na uyaondoe kweli: kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye shukrani, na kwenye sifa za faili ambako kompyuta huandika jina la mwenye mashine bila kumuuliza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilitumia makala moja iliyoandikwa na Vernon Smith, mwenye Nobel ya 2002, pamoja na mtafiti chipukizi. Walioonyeshwa jina la chipukizi, asilimia 65 walishauri ikataliwe. Wasioonyeshwa jina, asilimia 48. Walioona jina la Smith, 23. Makala ni ileile, hakuna koma iliyosogezwa.

Tatizo letu ni kwamba tuko wachache. Mtu akiandika kuhusu ushirika wa korosho Mtwara, wahakiki watatu wanaoweza kuisoma wanajua data hizo zilikusanywa na nani, na wawili kati yao waligombana naye kwenye mradi. Hivyo mhakiki mmoja awe wa mada, wa pili awe wa mbinu tu kutoka mbali: Makerere, Bujumbura, hata mtu wa takwimu asiyejua korosho inaliwaje. Makala yenye wazo zuri lakini mbichi tunamshauri mwandishi aipeleke kwanza kwenye warsha. Konsoti ya utafiti wa uchumi ya Afrika yenye makao Nairobi, AERC, imekuwa ikifanya hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya themanini: mtafiti anasimama mbele ya wabobezi na kazi ambayo haijaiva, wanaichambua mchana kweupe. Saa tatu za namna hiyo zinaokoa miezi ya barua.

Mwandishi akikupendekezea wahakiki, soma mapendekezo yake, kisha chagua mtu mwingine. Na barua pepe yoyote isiyo ya chuo ihakiki kwa simu. Mwaka 2014 Journal of Vibration and Control liliondoa makala 60 kwa mpigo baada ya kugundulika mtandao wa akaunti za wahakiki bandia. Kwetu ilikuwa kwa kiwango cha chini: anwani ya profesa fulani iliyokuwa na herufi moja ya ziada. Nilimpigia profesa mwenyewe, akacheka, halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza nimtajie jina. Sikumtajia.

Daftari letu la majarida matatu limo na jina langu pia. Mwaka jana nilituma makala kwa majirani, ikaenda kwa wahakiki, nikawa nadaiwa mbili. Moja nimeirudisha. Ya pili leo ina siku ya ishirini na tatu, iko chini ya rundo la mitihani ya mwaka wa pili, na kijumbe wa huko, binti niliyemfundisha mimi mwenyewe, asubuhi hii kanitumia ujumbe unaoanza na shikamoo na kuishia na wala hakuna neno.